Sanduku la Kufuli Tatu: Tathmini Baada ya Mizunguko Miwili ya Kikoba cha Familia

Sanduku ninalolitathmini hapa nililinunua kwa shilingi 95,000 katika karakana ya wachomeleaji upande wa Chang'ombe, hapa Dodoma. Ni sanduku la bati lenye urefu wa sentimita 45, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 25, lililopakwa rangi ya mafuta ya bluu, lenye mpini mmoja juu na masikio matatu ya kufungia kufuli upande wa mbele. Bei hiyo ilijumuisha kufuli tatu zenye funguo tofauti, mabakuli mawili ya plastiki, muhuri mdogo na pedi ya wino. Vitabu vya hisa nilivinunua pembeni, katika duka la vifaa vya ofisi karibu na soko la Majengo, kwa sababu vile alivyokuwa navyo fundi vilikuwa vya karatasi nyepesi ambayo wino ulipenya hadi upande wa pili.

Familia yetu imelitumia katika kikoba chetu, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kwa mizunguko miwili kamili na sasa tumo katika wa tatu. Tupo watu 18: ndugu zangu wa tumbo moja, wake na waume zao, mama mdogo, bibi yetu mzaa mama, binamu wanne na majirani wawili ambao kwetu wamekuwa ndugu. Ninaandika kwa kirefu kidogo kwa sababu watu wengi huuliza iwapo sanduku hili linalinda fedha, nami jibu langu ni kwamba fedha linazilinda vya kutosha. Swali ambalo sikuulizwa na mtu yeyote kabla ya kulinunua, na ambalo ningependa mwenzangu ajiulize mapema, ni namna litakavyobadilisha maneno yanayosemwa ndani ya familia yake kuhusu fedha.

Kwanza nieleze hali ilivyokuwa. Mimi ni mwalimu wa sekondari na ni mtoto wa tatu kati ya sita. Kwa muda mrefu nilikuwa peke yangu mwenye mshahara wa kila mwezi, na ndugu zangu walijua tarehe za mshahara kama nilivyozijua mimi. Simu zilikuwa zinaanza kuita siku hiyo hiyo: ada ya mtoto, bati la paa lililong'olewa na upepo, kadi ya mchango wa harusi ya mtu ambaye nilikuwa nimemwona mara moja tu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Katika malezi yetu, fedha iliyopo mkononi ni ya anayeihitaji zaidi, na anayekataa huku anayo hutangazwa kuwa na mkono wa birika. Ili niweke akiba yoyote, basi, ilinibidi niseme sina. Nilimwambia mama mdogo kwamba nimekatwa mkopo kazini, wakati nilikuwa na shilingi 300,000 nilizozificha katika kopo la maziwa ya unga. Nilimwambia mume wangu kwamba kitambaa nimekopa, wakati nilikilipia taslimu, kwa sababu sikutaka ajue kuna fedha iliyobaki. Ubanaji matumizi wangu, ambao niliuona kuwa busara, ulikuwa umekaa juu ya uongo, na kila mwezi uongo ulihitaji kuongezwa.

Aliyepata kuumizwa zaidi na hali hiyo ni mdogo wangu wa kiume, anayeendesha bodaboda. Aliharibikiwa pikipiki na nikamkopesha shilingi 400,000, tukakubaliana kwamba atarudisha ndani ya miezi minne. Biashara haikwenda vizuri. Mwezi wa tano aliacha kuja kwangu Jumapili. Mwezi wa sita alianza kupitia barabara nyingine asionane nami. Tulipokwenda kumzika shangazi yetu Mvumi, alikaa upande wa pili wa msiba, akala na watu asiowajua, akaondoka kabla ya matanga kuanuliwa. Sikuwahi kumdai hata mara moja. Nilidhani kutomdai ni wema, lakini yeye aliusoma ukimya wangu kama hasira, nami nikausoma ukimya wake kama dharau. Wahenga waliposema kukopa harusi, kulipa matanga, nadhani walikuwa wanazungumzia uso wa mkopaji. Ila mimi nilijifunza kwamba hata aliyekopesha hukaa matangani.

Ndipo mke wa kaka yangu, ambaye alikuwa katika kikoba cha akina mama huko Nkuhungu, alipopendekeza tuanzishe cha kwetu na tununue sanduku. Utaratibu wenyewe ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukiwakusanya wanawake wa vijijini waweke akiba na kukopeshana wao kwa wao bila kutegemea fedha kutoka nje, kisha ukasambaa katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo. Hapa kwetu vikundi vya aina hii vimewekwa katika daraja la nne la Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na husajiliwa kupitia halmashauri. Nawashauri wanaofikiria kuanza wasiuruke usajili kwa kudhani kwamba familia haihitaji karatasi, kwani familia ndiyo inayohitaji karatasi kuliko wageni.

Sanduku linafanya kazi hivi. Tunakutana mara mbili kwa mwezi, Jumapili mchana. Washika funguo ni watatu, wanatoka nyumba tatu tofauti, na mtunza sanduku hana ufunguo wowote. Kila mwanachama hununua kati ya hisa moja na tano, na kwetu hisa moja ni shilingi 2,000. Kila hisa hugongwa muhuri katika kitabu cha mwenyewe, kiasi kwamba hata bibi, ambaye hakusoma, hupitisha kidole juu ya mihuri yake na kuijua akiba yake bila kumuuliza mtu. Bakuli moja ni la hisa na marejesho, la pili ni la mfuko wa jamii, yaani wa kusaidiana wakati wa shida, ambao kila mmoja huchangia shilingi 1,000. Mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake na kurejesha ndani ya miezi mitatu kwa riba ya asilimia tano kwa mwezi, na riba hiyo hurudi kwetu sote siku ya kuvunja kikoba, yaani kugawana akiba na faida mwishoni mwa mzunguko. Katika mzunguko wa kwanza hisa ya shilingi 2,000 ilirudi ikiwa shilingi 2,400.

Bibi ndiye aliyelielewa sanduku haraka kuliko sisi tuliosoma. Alituambia kwamba baba yake hakuweka ng'ombe wote katika zizi lake. Wengine aliwapeleka kwa marafiki na wakwe vijiji vya mbali, wao wakanufaika na maziwa na yeye akabaki na mifugo, ili ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja asifilisike. Mama yake bibi alikuwa miongoni mwa walionusurika njaa ya Mtunya, iliyoangamiza watu wengi Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, na aliwalea watoto wake kwa fundisho kwamba mali iliyo mikononi mwa mtu mmoja hufa pamoja na bahati yake. Kwa bibi, kufuli tatu ni mazizi matatu. Tulimpa ufunguo wa kwanza siku ile ile, na hajawahi kuchelewa kikao hata kimoja.

Kwangu mimi badiliko kubwa lilitokea katika kinywa changu. Ndugu akinipigia simu leo kunieleza shida yake, namjibu kweli: fedha ninayo, shilingi 180,000, ipo sandukuni, na wewe na mimi tuna haki sawa ya kuomba Jumapili. Sisemi tena kwamba sina. Mume wangu anakijua kitabu changu nami nakijua chake, kwa sababu vitabu vyote vinakaa humo ndani ya sanduku na hutoka mbele ya watu wote. Sikutegemea kwamba bati na kufuli vingenifanya mke mkweli zaidi, lakini ndivyo ilivyokuwa, na tumekwisha kupanga pamoja msingi wa nyumba Iyumbu bila mmoja wetu kuogopa kwamba mwenzake atashtuka kusikia kilichopo.

Mdogo wangu alijiunga mwezi wa tatu wa mzunguko wa kwanza, baada ya mama mdogo kwenda kumfuata. Deni lake kwangu tulilizungumza mbele ya kaka na mama mdogo, nikakubali alilipe kidogo kidogo nje ya kikoba, naye baadaye akakopa sandukuni shilingi 150,000 kwa ajili ya matairi na mnyororo. Nilimtazama siku anapeleka rejesho la kwanza. Alizihesabu noti kwa sauti, akaziweka bakulini, kisha akaja kukaa kwenye mkeka kando yangu. Tofauti ndiyo hiyo: alikuwa anadaiwa na watu 18 kwa pamoja, nami nikiwa mmoja wao tu, na yeye mwenyewe akiwa mmoja wao, kwa hiyo hakukuwa na uso mmoja wa kuukwepa. Mwezi mmoja alipochelewa, mwenyekiti alisoma jina lake kama anavyosoma jina la yeyote, akatozwa faini ya shilingi 500, na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyelala na kinyongo.

Kwa dada yetu mkubwa faida ilikuwa ya aina nyingine. Alikuwa amejiingiza katika ile mikopo inayoitwa kausha damu, ya kurejesha kila siku, na wakopeshaji walikwisha kuchukua televisheni yake na jokofu. Sanduku lilimkopesha kiasi cha kumaliza deni. Hapa sina mengi ya kueleza zaidi ya kwamba alilipa.

Sasa nifike kwenye kasoro, nami nianze na zile za fundi. Bawaba ziliwekwa nje ya sanduku, na pini zake zinaweza kung'olewa kwa nyundo na msumari bila kugusa kufuli hata moja. Maana yake ni kwamba kufuli tatu zilikuwa zinalinda mbele huku nyuma kuko wazi. Tuliligundua hilo mwezi wa pili, tukalirudisha likachomelewe vichwa vya pini, na tukalipishwa shilingi 10,000 nyingine ambazo kwa haki tusingepaswa kulipa. Kufuli mbili kati ya tatu zilianza kukwama wakati wa kiangazi kwa sababu ya vumbi letu la Dodoma, na ilitubidi kuzibadilisha na nyingine nzito zaidi kwa jumla ya shilingi 24,000. Anayenunua leo ahesabu gharama halisi kuwa kama shilingi 130,000, na adai bawaba za ndani tangu mwanzo.

Kasoro ya pili iko katika ubunifu wenyewe. Usiku mmoja mtoto wa kaka alishikwa na degedege, naye kaka hakuwa na fedha ya gari wala ya kuanzia matibabu. Mfuko wa jamii ulikuwa na fedha za kutosha, lakini ufunguo mmoja ulikuwa Nkuhungu, wa pili Kisasa na wa tatu Ihumwa, na ilikuwa saa saba za usiku. Mtoto alipona kwa sababu jirani alitoa gari lake na mimi nikatoa nilichokuwa nacho. Tangu siku hiyo shilingi 60,000 za mfuko wa jamii hukaa nje ya sanduku, katika simu ya mtu mmoja tuliyemchagua, na mwenyekiti hutangaza salio lake kila kikao. Kuna pia huduma za vikoba kwa njia ya simu, M-Koba ya Vodacom ikiwa mojawapo, nazo zinawafaa wale ambao ndugu zao wako Dar es Salaam na Mwanza na hawawezi kukaa mkeka mmoja. Sisi tunakaa mji mmoja, na bibi anataka kuuona mhuri wake, kwa hiyo tumebaki na bati.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyonigharimu, na naiandika kwa uchungu. Mmoja wa wale majirani wawili alikuwa rafiki yangu wa miaka kumi na moja. Yeye huuza mboga na viungo sokoni Sabasaba. Katika kikoba chetu hisa huitwa kwa jina, mtu anasimama, anataja idadi, na wote wanasikia. Kaka yangu mkubwa alikuwa anataja tano. Rafiki yangu alianza na mbili, akashuka hadi moja, kisha mtaji ukayumba na akasimama vikao vitatu mfululizo akisema hana. Tulikuwa tumejiwekea faini ya shilingi 1,000 kwa asiyenunua hisa, sheria tuliyoinakili kutoka katika kikundi kingine bila kuifikiri. Mara ya tatu alilipa faini hiyo kwa sarafu, akakaa, na kikao kilichofuata hakuja. Nilipomwendea aliniambia kwamba zamani alipokuwa hana, ni mimi tu niliyejua, na sasa wanajua watu 18.

Sikuwa na jibu. Sanduku lililoniondolea mimi haja ya kusema sina wakati ninacho, lilimnyima yeye stara ya kutokuwa nacho. Uwazi uleule ulinipa mimi amani na ukampa yeye aibu, na sheria ile ya faini ilimwongezea mzigo kwa kosa la kupungukiwa. Tumeifuta faini hiyo. Sasa mtu huingiza fedha zake katika bahasha, mweka hazina na wahesabu fedha wawili ndio wanaozihesabu, mhuri unagongwa kitabuni, na kinachotangazwa kwa sauti ni jumla tu. Watakaosema kwamba hivyo tunapunguza uwazi wana hoja, kwa sababu kila mtu kusikia hesabu ya mwenzake ndiyo kinga ya wizi. Lakini hesabu ya jumla inatosha kumkamata mwizi, na kitabu cha kila mmoja kiko wazi kwake mwenyewe. Baina ya ndugu na marafiki naona bora kubeba hatari hiyo ndogo.

Nimetaja kaka yangu na hisa tano. Mzunguko wa pili alianza kununua hisa moja tu, ingawa kipato chake kilikuwa kimeongezeka, kwa sababu aliona kwamba kila aliyemsikia akitaja tano alimfuata nje baada ya kikao. Wengine walimlaumu kwa ubahili. Mimi namwelewa, kwani ndiye mimi wa zamani na kopo la maziwa. Tangu bahasha zianze ameongeza tena, ingawa hatujui kwa kiasi gani, na haitupasi kujua.

Kuhusu wakati wa kuvunja kikoba nina neno kwa wakazi wa Kanda ya Kati. Mzunguko wa kwanza tulivunja katikati ya Desemba, kama vikundi vingi vinavyofanya, na fedha ikaishia katika nguo za Krismasi, kreti za soda na safari. Mvua za kwetu ni za msimu mmoja, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na anayesubiri Desemba ndipo apate fedha ya trekta na mbegu za alizeti amekwisha kuchelewa shamba. Mzunguko wa pili tulivunja wiki ya kwanza ya Novemba. Mama mdogo alilima ekari tatu huko Chamwino, na walio na watoto wa shule waliacha sehemu ya mgao sandukuni hadi Januari kwa hiari yao. Mfuko wa jamii nao tuliupa kazi ya miezi ya Januari hadi Machi, kipindi ambacho ghala la mtama na uwele huwa limeisha na mashamba hayajaiva, kwa kuwapelekea gunia la mahindi wale wa kijijini kabla hawajaomba. Harusi tumeziondoa kabisa katika mfuko huo. Binamu mmoja alikasirika na kunena maneno mazito juu ya shemeji zake, na hadi leo hatujaelewana naye vizuri juu ya jambo hilo, ingawa haachi kuja.

Kama chombo cha bati, basi, nalipatia sanduku hili nyota tatu kati ya tano, na nyota mbili zinazokosekana ni za bawaba na kufuli. Nawashauri kulinunua familia zinazokaa mji mmoja, zenye angalau mtu mmoja anayeheshimiwa na wote na ambaye hana haja ya kukopa, na ambazo ziko tayari kuandika katiba yao wenyewe badala ya kunakili ya wengine. Sishauri familia ambayo tayari ina ugomvi wa urithi ianze nalo, kwa sababu kila kikao kitageuka kuwa baraza la kesi ile.

Wiki iliyopita nimeagiza la pili kwa ajili ya binamu walioko Mvumi, kwa fundi mwingine, lenye bawaba za ndani, bati nene zaidi na mpini kila upande ili libebwe na watu wawili. Nilipokwenda kulipa malipo ya awali nilipitia Sabasaba kwa rafiki yangu, nikanunua bamia na nyanya chungu, nikamweleza habari za bahasha. Aliuliza kama bado tunakutana Jumapili. Nikamwambia ndiyo, saa nane, na kwamba kitabu chake cha hisa bado kimo sandukuni, mihuri yake yote ikiwa imehesabiwa.